KUHESABU WASOMAJI NA MARADHI YAKE

Katika mambo yaliyozuka zama zetu hizi, na wengi wakayaona kuwa ni madogo, ni hili la mwandishi kushughulika na hesabu ya wasomaji wake kuliko anavyoshughulika na yale anayowaandikia. Utamwona mtu ana ilimu na kalamu nzuri, ameandika somo lenye manufaa akalitoa katika intaneti. Kisha, hata saa haijapita, aifungua simu yake kutazama ni wangapi waliolisoma. Hutazama kabla ya kulala, na hutazama akiamka kabla hajatia udhu. Idadi ikipanda, moyo wake hupanda. Ikishuka, siku yake nzima huwa chungu. Wala si waandishi peke yao. Wamo walimu, wamo watoaji wa mawaidha, na wamo vijana wetu wasomao kasida.

Yatupasa kwanza tuseme kwa insafu kwamba kuhesabu si kosa. Mwenye duka huhesabu bidhaa zake, na mwenye gazeti huhesabu nakala ili ajue apige chapa ngapi. Ubaya huingia pale hesabu, iliyokuwa mtumishi, inapogeuka kuwa bwana.

IDADI HIYO NI KITU GANI?

Watu wengi hudhani kuwa mashine ikisema mia, basi ni watu mia waliokaa wakasoma. Sivyo. Mashine huhesabu hodi zilizopigwa mlangoni; haijui ni nani aliyeingia, wala kama aliketi. Mtu mmoja akifungua makala kwa simu yake, kisha akayafungua tena kwa kompyuta ya kazini, mara nyingi huhesabiwa wawili. Na watu kumi wakikaa barazani, mmoja akawasomea wenziwe, wote huhesabiwa mmoja. Tena katika hodi hizo nyingine si za binadamu kabisa, bali ni za programu zinazozunguka katika intaneti kukusanya maandishi.

Hata wakubwa wa kazi hii hukosea. Mwezi wa Septemba mwaka 2016 kampuni ya Facebook ilikiri kwamba kwa muda wa miaka miwili ilikuwa ikitangaza wastani wa muda wa kutazama filamu ulio mkubwa kuliko wa kweli. Sababu yake ni kuwa wale waliotazama chini ya sekunde 3 waliachwa nje ya hesabu, na kwa hivyo wastani ukapanda.

Na udanganyifu wa idadi haukuanza na intaneti. Mwaka 1914 huko Marekani ilibidi iundwe ofisi maalumu ya kukagua nakala za magazeti, kwa kuwa watangazaji wa bidhaa hawakuweza kuyaamini yale waliyoambiwa na wenye magazeti. Na juu ya ukaguzi huo, mwaka 2004 magazeti makubwa, miongoni mwao Newsday na Chicago Sun-Times, yaligunduliwa kuwa yamezidisha hesabu ya nakala zao.

KWA NINI MOYO HUNASWA?

Mtaalamu mmoja wa Marekani, B. F. Skinner, aliwajaribu njiwa kwa kuwapa punje wanapodonoa kitufe. Ilionekana kwamba njiwa apataye punje mara kwa mara bila ya kujua itakuja lini, hudonoa kwa bidii na hawachi upesi, hata punje zikikatika. Hali ya mcheza kamari ni hiyo hiyo, na hali ya mwenye kufungua simu kutazama idadi pia ni hiyo. Leo hakuna kitu, kesho hakuna kitu, kesho kutwa wamekuja mia tano. Basi hawezi tena kuuondoa mkono wake. Kila mvuvi wa pwani anajua kwamba mwenye kuuvuta mshipi kila dakika kutazama kama samaki ameshika, harudi na kitoweo.

MADHARA YAKE

Dhara la kwanza ni kupotea wakati. Lakini kubwa zaidi ni kwamba idadi humbadilisha mwandishi bila ya yeye kujijua. Charles Goodhart, mtaalamu wa uchumi wa Uingereza, alieleza mwaka 1975 jambo ambalo leo hutajwa kwa jina lake: kipimo kikifanywa ndicho shabaha, hakipimi tena sawasawa.

Tuchukue mfano. Mtu ameandika somo la mirathi, wakalisoma watu 40. Wiki ya pili akamjibu mwenzake kwa maneno makali, wakasoma 4,000. Wiki ya tatu ataandika nini? Nafsi yamwambia: wape watu wanachokitaka. Basi mirathi huachwa, na mji hujaa majibizano. Na huenda katika wale 40 alikuwamo mjane mwenye watoto, ambaye shemeji zake walimwambia kuwa hana haki katika nyumba ya marehemu mumewe. Akasoma, akajua kuwa thumuni ni yake, akasimama akaidai. Je, mashine ilimwona mjane huyu? Ilimhesabu mmoja, sawa na yule aliyefungua kwa bahati mbaya akafunga.

Mwezi wa Desemba mwaka 2014 wimbo mmoja wa Korea Kusini, Gangnam Style, ulitazamwa zaidi ya mara 2,147,483,647 katika YouTube, hata ikabidi mashine yenyewe iongezewe nafasi ya kuhesabu. Twauliza: kwa wingi wote huo, ni jahili gani aliyeilimika, na ni dhalimu gani aliyerudisha haki ya mtu?

Ama sisi Waislamu, jambo hili latugusa zaidi, kwani amali hupimwa kwa nia, na mwenye kufanya ili aonekane au asikike amekwisha kuchukua ujira wake hapa hapa. Siku ya Hunayn, mwaka wa 8 wa Hijra, Waislamu walikuwa kiasi cha 12,000, wingi wao ukawapendeza, na usiwafae kitu mwanzo wa vita. Na Nabii Nuh alikaa na kaumu yake miaka 950 akiwalingania, wasiamini ila wachache. Nani atasema kuwa alishindwa?

Na karibu yetu, marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipotoa Sahifa mjini Mombasa mwaka 1930, na Al-Islah mwaka 1932, hapakuwa na mashine ya kumwambia kila asubuhi ni macho mangapi yaliyopita juu ya maneno yake. Magazeti hayo hayakuishi muda mrefu. Lakini makala yake yalikusanywa katika kitabu Uwongozi, na watu wayasoma hata leo.

DAWA YAKE

Kwanza, kabla ya kuandika, mtu ajiulize: namwandikia nani, na nataka ajue nini au atende nini? Asiyeweza kujibu na aiweke kalamu mpaka apate jibu.

Pili, hesabu itazamwe kwa siku maalumu, mara moja kwa mwezi yatosha, na itazamwe kwa swali lenye faida: watu wameacha kusoma wapi? Lugha ilikuwa nzito? Somo lilikuwa refu?

Tatu, atafute khabari za watu, si za mashine. Ni nani aliyekuja na swali? Ni nani aliyesahihisha kosa letu? Swali moja la mtu aliyefahamu lina uzito kuliko hodi elfu.

Nne, ajitenge mbali na kununua wafuasi wa bandia, kwani huo ni uongo ulio wazi, na mwenye kuuanza hutaka mwingine wa kuufunika.

Basi, ndugu zetu, andikeni, na fundisheni, hata akiwapo msikilizaji mmoja. Mwenye kupanda mnazi hahesabu madafu kila asubuhi. Hutia maji, hupalilia, akangojea. Mwenyezi Mungu atutakasie nia zetu na ayatie baraka machache tuyatendayo. Amin.