Mzigo Una Mwenyewe: Uaminifu katika Masomo ya Utabibu



Katika karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu na vitambaa kati ya Ujiji, Tabora na Bagamoyo. Kubeba mzigo wa mwingine ilikuwa kazi halali. Kujidai ni wako ulikuwa wizi. Nasi tunaposoma hubeba mawazo ya waliotutangulia. Kosa ni kumficha mwenyewe.

Kosa hilo ni wizi wa maandishi. Hata ukibadilisha maneno machache lakini usimtaje mwenye wazo, umeiba. Linagusa Amri ya Saba, Usiibe, na ya Nane, inayokataza uongo.

Kwa anayejifunza utabibu, madhara humfikia mgonjwa. Mwanafunzi akinakili maelezo ya mgonjwa kutoka daftari la mwenzake, ameandika kwamba alisikiliza mapafu ambayo hakuyasikiliza. Siku atakapobaki peke yake zamu ya usiku, hatakuwa na daftari la kunakili.

Tumkumbuke Adrien Atiman, aliyekombolewa kutoka utumwani, akasomea utabibu Malta, akafika Karema kando ya Ziwa Tanganyika mwaka 1889. Alitibu watu huko hadi kifo chake mwaka 1956. Mbali hivyo na waliomfundisha, mgonjwa alitegemea kile ambacho tabibu alikielewa kweli.

Wengine huiba kwa haraka au kwa kutojua, na hapo maktaba husaidia. Mkutubi hutuelekeza kwenye vyanzo vya kuaminika na namna ya kuvitaja. Kupitia Hinari, mpango ulioanzishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2002, taasisi za nchi zenye kipato cha chini husoma majarida ya tiba bure au kwa gharama ndogo. Zipo pia programu za kulinganisha maandishi, lakini huonyesha mfanano tu. Kuamua kama ni wizi ni kazi ya mwalimu.

Tuzingatie haya:

1. Unaposoma, andika papo hapo mwandishi, kitabu, mwaka na ukurasa.
2. Funga kitabu, eleza wazo kwa maneno yako, kisha linganisha. Bado mtaje mwenyewe.
3. Maneno yake halisi yawekee alama za nukuu.

Kwa tafakari: Je, sisi waseminari tunaoandaa insha na mahubiri, na sisi waamini tunaosambaza mafundisho kwa simu, humtaja mwenye mzigo?