Hesabu Pumzi za Mtoto

Mtoto akianza chekechea huugua mara kwa mara. Mmoja anakohoa, wenzake wanaambukizwa. Mafua yakiisha leo, wiki ijayo yamerudi. Wengine husema, karogwa! Sivyo. Mwili wake bado haujazoea vijidudu vya wenzake.

Mafua tu hupona yenyewe. Mpe maji, uji na chakula kidogo kidogo. Vile vidonge mlivyobakiza sandukuni, usimpe.

Lakini homa ya mapafu inaua. Basi mtoto akikohoa, subiri atulie, asiwe analia. Mfunue kifua. Kikipanda na kushuka, hiyo pumzi moja. Shika saa, hesabu dakika nzima. Mtoto wa chekechea akifika pumzi 40 au zaidi, mpeleke zahanati siku hiyohiyo. Kifua kikibonyea chini ya mbavu anapovuta pumzi, au akishindwa kunywa, usingoje kuche.