Dondoo muhimu: Maji ya kunywa nyumbani
Mama, maji yakitoka kisimani yakiwa safi bado yanaweza kuharibikia ndani ya dumu lako.

• Sugua dumu kwa ndani: tia kokoto, maji na sabuni, tikisa mpaka ule utelezi wa kijani utoke.
• Maji yenye tope yachuje kwa kitambaa safi kwanza.
• Yaache yatokote dakika 1 nzima. Vipovu vya pembeni ya sufuria bado si kuchemka.
• Ukitia dawa ya klorini, subiri dakika 30. Wengi hunywa papo hapo.
• Funika mtungi, chota kwa kata yenye mpini mrefu. Kikombe huingia na vidole vya watoto. Ndoo yenye bomba ni bora zaidi.
• Mtoto wa chini ya miezi 6 usimpe maji, hata joto liwe kali. Maziwa yako yanamtosha.
• Mlio Arusha na Meru: kuchemsha hakuondoi floraidi, madini yanayotia meno rangi ya kahawia. Maji hupungua, floraidi hubaki. Ulizeni kipimo cha kisima chenu. Ukomo wa Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita.