Kidonda Kisichopona: Tunza Kidonda, Tunza na Mwenyewe

Pwani ya Bagamoyo, kuanzia Kaole hadi Mlingotini, wavuvi na wakulima wa mwani hushinda miguu majini. Kukatwa na chaza au kuchomwa na mwiba wa taa ni jambo la kawaida. Jeraha likipita wiki 4 bila kupungua, yamkini mwilini kuna kinacholizuia: kisukari, mishipa ya damu iliyoziba, sikoseli, matende au ukoma. Nenda kituo cha afya upimwe sukari na mzunguko wa damu mguuni, na uulizie chanjo ya pepopunda.

Namna ya kufunga

Nawa mikono kwa sabuni. Osha kidonda kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Usitumie maji ya bahari, yana vijidudu. Kausha ngozi ya pembeni taratibu kwa gozi safi.

Kidonda kinachotoa majimaji mengi kifunikwe kwa pedi ya kunyonya, pana kukizidi. Pamba isigusane na kidonda, nyuzi zake hunasa. Badilisha pedi kabla majimaji hayajafika ukingoni, kwani ngozi ikishinda imelowa hubabuka na donda hupanuka. Kidonda kikavu hakihitaji pedi ya namna hiyo. Chenyewe kinataka unyevu kidogo. Gozi ikigandia, ilowanishe kwanza ndipo uitoe.

Majivu, mafuta ya taa na unga wa vidonge visipakwe kidondani. Bandeji ya kubana isifungwe kabla mtaalamu hajathibitisha kuwa damu inafika vizuri mguuni.

Kumtunza mgonjwa

Pedi haiwezi kushusha sukari. Mwenye kisukari ameze dawa bila kuruka, asikanyagie penye donda, na akague nyayo kila siku, maana mguu wenye ganzi hauhisi mwiba. Dagaa, mayai na maharage hujenga nyama mpya. Sigara hubana mishipa, aiache. Mguu uliovimba uinuliwe anapopumzika, isipokuwa kama damu haifiki vizuri.

Harufu ya donda humfanya mgonjwa ajitenge. Ndugu, kaeni naye, mle naye, mmsaidie kufunga.

Usisubiri

Homa, usaha, uvimbe wa moto unaosambaa au kidole kinachogeuka cheusi: nenda Hospitali ya Wilaya ya Bagamoyo siku hiyo hiyo. Wengi waliokatwa miguu kwa sababu ya kisukari walianza na kidonda kidogo kilichocheleweshwa nyumbani.