Wifi Asema Kutengeneza Titi ni Haramu


Nina miaka 43, nakaa Shika Adabu, Likoni. Mwaka jana nilikatwa titi la kushoto kwa saratani, nikatiwa dawa za kemo, kisha nikapigwa mionzi pale hospitalini Makadara. Daktari asema naendelea vyema. Lakini siku hizi sivui nguo mpaka taa izimwe. Nasikia titi laweza kutengenezwa upya. Wifi yangu asema huko ni kubadilisha maumbile ya Mungu. Mume wangu yuko kimya tu. Nifanyeje?

Mwanangu,
Nianze na wifi, maana neno lake ndilo lililokuchoma. Sahaba Arfaja bin As'ad alikatwa pua katika vita vya Kulab, akajitengenezea ya fedha. Ikamnukia vibaya, na Mtume akamwamuru aweke ya dhahabu, ingawa dhahabu mwanamume amekatazwa. Hadithi hiyo imo kwa Abu Daud na Tirmidhi, na wanazuoni wameitegemea kuruhusu kurekebisha kilichoharibiwa na maradhi. Muulize sheikh unayemwamini, akikuthibitishia, wifi umwachie maneno yake.

Wala hujachelewa. Titi hutengenezwa hata miaka kadhaa baada ya kukatwa. Ila ngozi iliyopigwa mionzi hukaza, na mfuko wa silikoni ukitiwa hapo waweza kukakamaa na kuuma. Ndiyo maana madaktari wengi hupendelea kuchukua nyama ya tumbo au ya mgongo, na mishipa yake ya damu, wakaijenga kifuani, tena baada ya kungoja miezi 6 au zaidi tangu mionzi ya mwisho. Ni operesheni ya saa nyingi, huacha kovu jingine, na titi hilo halitakuwa na hisia kama za lile la kwanza. Afadhali uyajue haya sasa. Anayekutisha kwamba operesheni yenyewe huirudisha saratani, usimsikize.

Siku ya kliniki omba kupelekwa kwa daktari wa upasuaji wa kurekebisha maumbile. Mtajie dawa zote unazomeza, hasa tamoksifeni ya saratani kama waitumia, na useme pia kama una ugonjwa wa sukari. Uliza bima ya afya ya SHA italipa nini kabla hakijauzwa kiwanja cha mtu. Unapongoja, yako matiti ya kufumwa kwa uzi wa pamba, mepesi, ya kutia ndani ya sidiria. Na ukiamua hutaki kisu tena, una haki hiyo pia.

Kimya cha mumeo usikifasiri peke yako. Wanaume wengi huogopa hata kugusa, wakidhani kidonda bado chauma. Mwambie afuatane nawe kwa daktari, aulize yake mbele yako.