CD mbili za albamu moja: ipi inasikika vizuri?

Fundi sauti wetu anajibu barua zenu

Nina Brothers in Arms ya Dire Straits, CD ya 1985 na ya 1996. Ya 1996 ina nguvu zaidi. Si ndiyo bora?

Barua nyingi zimeuliza hivihivi kuhusu albamu mbalimbali, nazijibu pamoja. Hapo hujalinganisha bado. Umejua tu ipi ina sauti kubwa. Sauti ikiwa ndogo, masikio yetu hupoteza besi na sauti nyembamba za juu zaidi kuliko zile za kati. Fletcher na Munson walilipima jambo hili mwaka 1933. Basi CD iliyozidi nyingine kwa desibeli 1 tu utaiona ina besi nene na matoazi yanayong'aa, ilhali hakuna aliyeyagusa. Punguza ile yenye nguvu mpaka mwimbaji asikike sawa kwenye zote mbili, kisha mtu akubadilishie bila kukuambia ipi inacheza. Sikiliza ngoma: pigo linaruka mbele, au limelazwa sawa na gitaa? CD ina dari ambayo sauti haiwezi kuivuka, kwa hiyo anayetaka kelele zaidi hukandamiza mapigo makubwa ili ayapandishe madogo. Death Magnetic ya Metallica (2008) ilibanwa hivyo hadi mashabiki wakagundua kwamba nyimbo zilezile zina pumzi zaidi kwenye mchezo wa Guitar Hero. Anayetoa hukumu bila kusawazisha sauti anaeneza uvumi, na watu wanapoteza fedha kwa uvumi huo.

Nikipaka wino wa kijani ukingoni mwa CD, sauti itaboreka?

Hapana.

Je, CD ya dhahabu? Na yenye stika ya "masteringi mpya"?

Dhahabu haipati kutu, muziki haiugusi. Stika inakuambia kazi hiyo ya kuandaa sauti ya mwisho imefanyika, haisemi kama imefanyika vizuri. Soma jina la fundi kwenye kijitabu, na namba zilizo kwenye duara karibu na tundu la katikati. Jalada moja huweza kuficha masteringi mbili tofauti.

Masteringi mpya inaweza kuponya albamu iliyobanwa?

Inategemea ilibanwa wapi. Madhara yakiingia kwenye miksi, yaani vyombo na sauti vinapochanganywa, fundi wa masteringi hana la kufanya. Ndiyo maana Vapor Trails ya Rush (2002) ililazimika kufanyiwa miksi upya, ikatoka tena mwaka 2013.

CD yangu ya Kijapani ya miaka ya 80 inakwaruza masikio baada ya kunakiliwa kwenye kompyuta. Niitupe?

Usithubutu! Baadhi ya CD za mwanzo zilirekodiwa sauti za juu zikiwa zimeongezwa makusudi, na mashine ya CD huzirudisha chini wakati wa kucheza. Programu nyingi za kunakili huiruka hatua hiyo. Icheze kwenye mashine yenyewe kwanza, au tumia programu inayorekebisha. Masteringi nzuri kadhaa zimepewa sifa mbaya kwa uzembe huu tu.