Glovu za gari moja, mikono ya watu wengi

Kwenye vikosi vingi vya mafundi wa laini, glovu za mpira za umeme mkubwa ni mali ya gari. Anayepanda nguzo leo anazivaa, na wa zamu ya kesho anazivaa hizohizo. Bei yake si ya mchezo, kwa hiyo tutaendelea kugawana. Mimi nafuata kanuni moja: kinachogusa ngozi kiwe cha mtu mmoja, kinachozuia umeme kinaweza kuwa cha wote mradi kioshwe.

Anza na glovu nyembamba za pamba zinazovaliwa ndani ya zile za mpira. Hizo ndizo zinazonyonya jasho, na kwa joto la Dar es Salaam fundi akishuka nguzoni unaweza kuzikamua. Kila fundi awe na zake, jozi mbili ikiwezekana, azifue nyumbani na aje nazo kavu. Bila hizo, jasho la mtu na fangasi wa vidole vyake vinabaki ndani ya mpira vikimsubiri mwenzake. Jasho lina chumvi, na chumvi yenye unyevu hupitisha umeme. Hapo suala la usafi limeshakuwa suala la uhai.

Mpira wenyewe unaoshwa kwa sabuni laini na maji ya kawaida, ndani na nje, kisha unasuuzwa hadi povu liishe. Ning'iniza kivulini, mdomo wa glovu ukitazama chini. Usizianike juu ya boneti ya gari: jua na joto huufanya mpira upasuke nyufa ndogo ambazo macho huzikosa. Petroli, tina, grisi na hata mafuta ya mgando ya kupaka mikononi huuharibu vilevile. Zikikauka, zihifadhi kwenye mfuko wake bila kuzikunja.

Kabla ya kuvaa, kunja glovu kuanzia mdomoni ili hewa ibanwe ndani, kisha isogeze shavuni, kidole kimoja baada ya kingine, usikilize kama inapumua. Nimeona mafundi wakizipuliza kwa mdomo kama puto. Acheni hilo kabisa: mnaingiza mate na unyevu mahali ambapo mwenzenu ataingiza mkono. Na kipimo hiki cha hewa hakichukui nafasi ya kile cha maabara, ambacho kanuni za Marekani, kwa mfano, zinataka kifanyike kila baada ya miezi 6. Angalieni pia daraja lililoandikwa kwenye glovu: daraja la 2 mwisho wake ni volti 17,000, linatosha laini ya kilovolti 11 lakini si ya 33.

Helmeti nayo ina kitambaa cha jasho kinachochomoka. Kila mtu awe na chake, maana mapunye husambaa kirahisi kwa njia hiyo. Wengine huvaa kofia ya nailoni ndani ili kujikinga. Ni hatari, kwa kuwa mwako wa umeme ukitokea nailoni huyeyuka na kugandia ngozini. Plagi za masikio za sponji hazigawanwi hata kidogo.

Tangu mwaka 2020 mazoea ya kunyunyizia dawa yameongezeka. Jiki haifai kwa ovaroli za kuzuia moto, inadhoofisha kitambaa. Vitakasa mikono vyenye spiriti hushika moto, basi subiri mikono ikauke kabisa kabla hujasogelea paneli yenye umeme.

Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na vifaa vya kinga ni wajibu wa mwajiri. Wasimamizi, mnapojaza fomu ya kuomba vifaa, andikeni glovu za pamba na vitambaa vya jasho kwa idadi ya mafundi, si kwa idadi ya magari.